JITIHADA NA KUDURA



Jumapili moja baada ya misa tulibaki watu wachache chini ya mwembe, tukingoja jua lipungue. Mazungumzo yakamfikia kijana mmoja wa hapa Nangurukuru, aliyekuwa na kibanda cha chai na vitumbua pale njia panda, yanaposimama mabasi ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Kibanda kile sasa kimefungwa. Mzee mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya Mungu. Jitihada haiondoi kudura." Mama mmoja, aliyekuwa akimfunga mtoto mgongoni, akajibu kwa heshima, "Baba, uniwie radhi. Kijana yule alikuwa akikoka moto saa tatu, na abiria wa asubuhi wamekwisha kunywa chai kwa wengine. Ajizi ni nyumba ya njaa." Watu wakacheka, kila mmoja akaenda kwake.

Mimi nilikwenda nyumbani na methali zile mbili, nazo hazikuniacha. Kwa maana zote mbili ni za wazee wetu, zote mbili husemwa na Wakristo na Waislamu wa pwani hii, na kila moja huonekana kweli inaposemwa. Lakini zapingana. Kama mafanikio ya mtu ni kudura tu, jembe la nini? Na kama mafanikio ni jitihada tu, basi kila maskini ni mvivu, na kila tajiri ni mtu wa bidii. Nani atathubutu kusema hivyo mbele ya makaburi ya wazazi wake, waliolima tangu ujana hata uzee, wakafa hawana bati juu ya nyumba?

Jambo hili si la kujifurahisha barazani. Kijana aliyeshindwa mtihani wa kidato cha nne hupewa moja ya methali hizi, naye huishi kwa hiyo aliyopewa. Mama aliyefiwa na mume hupewa moja ya hizi. Basi yatupasa kujua tunampa nani ipi, na kwa nini.

Tuitazame kwanza methali ya mzee.

Kudura ni uwezo wa Mungu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku twalitumia neno hili kwa yale yote yasiyo mikononi mwetu: mvua, maradhi, bei, vita, amri za wakubwa, na nyumba aliyozaliwa mtu. Wala mtu wa Kilwa hahitaji kufundishwa kwamba mambo hayo yana nguvu.

Mwezi Julai 1905, kule Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima na serikali ya Wadachi. Hapo ndipo ilipoanza Vita vya Maji Maji. Je, watu wale walikuwa wavivu? Walikosa moyo? La, walikuwa na moyo kuliko wengi wetu. Hata hivyo vita vilipokwisha mwaka 1907, mashamba na maghala ya kusini yalikuwa yamechomwa moto, na njaa iliyofuata iliua watu makumi ya maelfu. Mtoto aliyezaliwa Umatumbi mwaka 1906 hakuikuta njaa kwa sababu ya kukosa bidii.

Tena tukumbuke korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Je, wakulima wa kusini wote walipatwa na uvivu katika miaka hiyo 13? Sababu zajulikana. Katikati ya miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vipya, mikorosho ikaachwa mbali, ikamezwa na vichaka. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Halafu ukaingia ugonjwa wa ubwiri unga, ukayakausha maua. Mtu aliyekuwa tajiri kwa mikorosho ya baba yake akawa maskini, naye ni mtu yule yule, na mikono ile ile.

Na juzi tu, Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika wilaya yetu hii. Magari yakasimama. Mwenye bidii na asiye na bidii wakalala njiani pamoja.

Basi mzee wetu hakusema uongo. Yeye asemaye kwamba kila mtu huvuna alichopanda tu, na aje asimame Somanga siku barabara imechukuliwa na maji.

Sasa tuitazame methali ya mama.

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje, hapa jirani, ilikuwa bandari kubwa ya kupakilia watumwa waliotoka pande za Nyasa. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Lindi kwa miguu pamoja na kundi la watu waliokombolewa, nia yao kurudi upande wa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona nchi kuwa nzuri, wakakaa. Fikirini, ndugu zangu, watu wale walikuwa na nini. Walinyang'anywa wazazi, kabila, lugha, hata majina. Kama kuna watu duniani waliokuwa na haki ya kuketi chini na kusema, "Sisi tumekwisha haribiwa," ni wale. Nao wakafyeka, wakajenga, wakapanda. Mwaka 1882 Magwangwara wakawavamia, wakachoma nyumba, wakaua wengine na kuteka wengine. Hata hivyo Masasi haikufa. Mwaka 1926 ikawa makao ya dayosisi.

Mtu mwingine wa namna hiyo ni Cecil Majaliwa. Alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetekwa utumwani, akakombolewa, akasoma Kiungani huko Unguja, na baadaye Canterbury, Uingereza. Alipewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ya UMCA, akafanya kazi Chitangali kati ya watu wa kwao. Jina lake lenyewe ni Majaliwa, yaani yale ambayo Mungu humjalia mtu. Lakini upadre haukumwangukia kama embe lililoiva. Wala tusiseme kwamba alijiinua peke yake. Wengine walimkomboa, wengine walimfundisha, wengine walimpa nafasi. Lakini kitabu kilipofunguliwa mbele yake, jicho lililosoma lilikuwa lake.

Tena tuyatazame ya karibu. Zamani tulizoea kusema, "Kilwa ikipata barabara, tutaendelea." Tulikuwa na haki ya kusema hivyo. Masika yakija tulikuwa kama watu wa kisiwani, na katika mto Rufiji tulingoja kivuko cha Ndundu. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, urefu wake karibu kilometa moja, na lami nayo ikaja kipande kwa kipande. Barabara ile ile ikapita mbele ya milango yetu sote. Wengine waliuza viwanja vyao vya barabarani kwa fedha ya sikukuu moja, na leo wananunua chumvi katika duka lililojengwa juu ya kiwanja hicho hicho. Wengine walianza na ungo mmoja wa korosho za kukaanga, na leo wanasomesha watoto. Mungu hakuwabagua, na barabara haikuwabagua. Basi na mama wa mtoto mgongoni hakusema uongo.

Je, tufanyeje na kweli mbili zinazopingana? Kabla sijajibu, sharti niseme habari yangu mwenyewe, wala si habari ya kujivunia.

Nilipokuwa na nguvu nilifungua duka dogo. Mwaka wa kwanza lilikwenda vizuri. Mwaka wa pili fedha zikaanza kupungua. Mchana droo imejaa, jioni nikihesabu hazitoshi. Rafiki zangu wakaninong'oneza, "Hiyo ni chuma ulete. Kuna mtu anakuchukulia." Tukamtafuta ni nani. Macho yetu yakamwangukia shangazi yangu, mjane, ambaye alikuja karibu kila jioni kununua mafuta ya taa kwa kipimo kidogo, akilipa kwa sarafu. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilifanya vibaya zaidi: niliacha kumwamkia, nikawakataza watoto wangu wasile kwake. Naye akaelewa. Akaacha kuja.

Duka lilikufa hata hivyo. Miaka miwili baadaye, nikitafuta karatasi nyingine, nikaliona daftari la madeni. Nikaketi nikajumlisha. Madeni ya rafiki zangu, wale wale walioninong'oneza, yalizidi nusu ya mtaji. Na vitu nilivyovichukua rafuni mimi mwenyewe, sukari ya wageni, sabuni, soda za kujionyesha kuwa mimi ni mwenye duka, sikuwa nimeviandika hata kimoja. Mchawi wa duka langu nilikuwa mimi. Nikakusudia kwenda kwa shangazi kumwomba msamaha. Nikasema, nitakwenda baada ya mavuno. Kabla ya mavuno nikaitwa kwenye mazishi yake.

Basi hapo nilijifunza jambo nililotaka kuwaambia, nalo si kubwa. Methali zile mbili zote ni za kweli, lakini sisi huzigawa vibaya. Mimi nikishindwa, husema ni kudura, au ni mchawi. Jirani yangu akishindwa, husema ni uvivu. Mimi nikifanikiwa, husema ni jasho langu. Jirani yangu akifanikiwa, husema ana dawa, au ana ndugu serikalini. Hivyo ndivyo tufanyavyo karibu sote, na ndiyo maana methali nzuri zimekuwa mawe ya kutupiana.

Yafaa tugeuze. Methali ya kudura nimpe jirani yangu, na methali ya jitihada nijipe mimi. Jirani akianguka, kwanza nifikiri kwamba huenda umempata upepo nisioujua. Mimi nikianguka, kwanza nilifungue daftari. Jirani akifanikiwa, nifikiri kwamba ametoka jasho. Mimi nikifanikiwa, nikumbuke walionibeba.

Huenda mtu akauliza, "Mbona methali iwe kweli kwangu na isiwe kweli kwake?" Sisemi hivyo. Zote ni kweli kwetu sote. Nasema tu kwamba mambo ya jirani siyajui yote, na mikono yake siwezi kuiendesha. Mikono yangu naweza. Katika habari zangu, lile lililo nje ya uwezo wangu hata nikilitaja mara 100 haliondoki. Lile lililo mikononi mwangu, hata kama ni dogo, laweza kufanyiwa kazi leo.

Zamani, katika karne ya kwanza, alikuwako Roma mtu aitwaye Epictetus. Alikuwa mtumwa, na baadaye aliachwa huru akawa mwalimu wa falsafa. Fundisho lake la kwanza lilikuwa hili, kwamba mtu ajifunze kutenganisha yale yaliyo katika uwezo wake na yale yasiyo katika uwezo wake. Fundisho hilo likitoka kwa tajiri, maskini angeweza kulikataa. Lakini lilitoka kwa mtu aliyeujua utumwa, kama walivyoujua wale wa Masasi.

Nasi twaijua habari ya watumishi watatu walioachiwa talanta na bwana wao. Yule aliyepewa moja hakulaumiwa kwa kupewa moja. Wala hakuulizwa, "Ziko wapi tano?" Aliulizwa habari ya ile moja tu. Naye, badala ya kusema habari ya talanta, alianza kusema habari za ukali wa bwana. Mimi katika duka langu nilifanya vivyo hivyo.

Hapa nataka tutofautishe maneno mawili, kosa na wajibu. Kosa ni jambo la jana: nani ameharibu? Wajibu ni jambo la leo: sehemu yangu ni ipi? Mkulima wa korosho wa miaka ile hakuwa na kosa kwamba ubwiri unga umeingia. Lakini ilipojulikana kwamba salfa huuzuia, na kituo cha utafiti cha Naliendele kilipotoa miche bora, kupulizia na kupanda upya ukawa wajibu wa mwenye shamba. Ndivyo ilivyotokea: msimu wa 2017/18 taifa lilivuna zaidi ya tani 300,000. Mtu akingoja mwenye kosa arekebishe, aweza kungoja mpaka kaburini. Watu wa Masasi hawakungoja mwenye msafara wa watumwa arudi kuwajengea nyumba.

Lakini tujihadhari. Neno wajibu nalo laweza kuwa rungu la kumpigia maskini. Twaona mwezi wa njaa mkulima akiuza ufuta au korosho zake kwa kangomba, kabla ya msimu, kwa bei ya kutupa. Mnada ukifunguliwa na bei ikipanda, twaketi barazani tukisema, "Mjinga yule, kajiuza mwenyewe." Ni nani aliyemuuliza mtoto wake alikuwa na homa gani usiku ule alipouza? Na sisi tuliokuwa na debe la mahindi ndani, tulikuwa wapi? Mkulima yule ana wajibu, ni kweli. Msimu ujao aweza kuweka akiba kidogo, aweza kuingia upatu na wenzake watano, aweza kukataa kuuza gunia zima ikiwa haja yake ni nusu gunia. Lakini na sisi tunao wajibu wetu, nao hauondoki kwa sababu yeye anao wake.

Hapa ndipo wengi hukosea wanaposema habari za mtu kujitegemea. Hufikiri kwamba wajibu ni jambo la mtu mmoja mmoja tu. Tazameni kijiji cha Kikole, wilayani kwetu. Miti ya mpingo, ambayo mafundi wa ng'ambo huitengenezea klarineti, ilikuwa ikikatwa na wafanyabiashara, na wanakijiji wakibaki na visiki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilitoa nafasi kwa vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao wenyewe na kupata mapato yake. Lakini sheria haihesabu miti. Watu wa Kikole walikaa mikutano, wakaweka mipaka, wakapanga zamu za doria, wakakubali kwamba hata mwenyeji asikate ovyo. Wakasaidiwa pia na mradi wa kuhifadhi mpingo uliokuwa Kilwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji hapa Kilwa, Kikole ikiwamo, ikapata cheti cha kimataifa cha FSC, chenye kuonyesha kwamba mbao zake zimevunwa kwa utaratibu mwema. Je, hiyo ilikuwa kudura au jitihada? Ilikuwa mlango uliofunguliwa na wengine, na miguu ya wenyewe iliyopita mlangoni. Mlango bila miguu haufai kitu. Lakini na miguu bila mlango hugonga ukuta, na tusimcheke agongaye ukuta.

Mwisho nirudi kwa kijana wa kibanda. Baada ya kufikiri haya yote nikaona aibu, kwa sababu chini ya mwembe tulimhukumu watu wengi, wala hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nikamwendea. Akaniamkia, nikaketi naye. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa mgonjwa miezi minne, na kila asubuhi ilimlazimu kumwogesha na kumpikia uji kabla ya kwenda barabarani. Ndiyo maana moto ulikokwa saa tatu. Basi mama yetu wa ajizi alikosea.

Nikamwambia, "Pole sana mwanangu. Basi ilikuwa kudura." Kijana akatikisa kichwa. "Sehemu moja, baba," akasema. "Lakini makonda niliwakopesha mimi kwa kuona haya, na dada yangu alitaka kunisaidia asubuhi nikakataa, nikaona kibanda ni changu. Nikianza tena sitafanya hivyo." Basi na mzee wetu alikosea.

Hakuwa na kisomo kingi, lakini alikwisha kuzigawa methali vizuri kuliko sisi. Sijui kama ataanza tena. Mtaji hana, na hilo si kosa lake. Nimemwambia nitakachoweza kutoa, nacho ni kidogo, na ninyi mwajua alipo.

Wiki hii, basi, na tujiulize majumbani mwetu mambo matatu. Ni jambo gani ninalomlaumia mtu mwingine, ambalo sijalifungulia daftari? Ni nani niliyemwita mvivu, au mchawi, bila kumwuliza habari zake? Na kama yuko ninayepaswa kumwomba radhi, je, yu hai bado? Kama yu hai, nawasihi msingoje mavuno.